Mbwa wa kuokolewa hatoki nyuma ya tangi la maji: nimpe muda au nimrudishe kituoni?

Mama Nasra (Mbezi)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kumchukua mbwa mkubwa kutoka kituo kinachohifadhi mbwa waliookotwa, si wale waliomlea mbwa tangu akiwa mdogo, maana naona mambo haya mawili hayafanani hata kidogo.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulimchukua jike wa kienyeji mwenye rangi ya kahawia, ambaye watoto wamempa jina la Kashata. Kituoni walitueleza kwamba aliokotwa karibu na soko akiwa na jeraha la kamba shingoni, akatibiwa, akafungwa kizazi na kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kadi yake ninayo. Umri wake wameukadiria kwa kutazama meno, kati ya miaka miwili na mitatu. Siku tuliyokwenda kumwona alikuwa mtulivu mno, akalala miguuni pa mwanangu mkubwa, nasi tukaona tumepata mbwa mwenye tabia njema.

Tangu afike hapa amejichimbia nyuma ya tangi la maji, kwenye upenyo mwembamba kati ya tangi na ukuta, na mchana hatoki. Chakula hakigusi mpaka taa za nje zizimwe, ila asubuhi tunakuta sahani imelambwa ikang'aa. Habweki, hata mgeni akigonga geti. Dada wa kazi akishika fagio la chelewa ili afagie uwanja, mbwa anajikojolea palepale alipo. Mlinzi wa jirani akipita na rungu lake, anafyata mkia na kutetemeka mwili mzima. Baba Nasra anasema tulimchukua kwa ajili ya ulinzi baada ya nyumba za jirani kuvunjwa, na sasa sisi ndio tunaomlinda yeye. Anataka arudishwe kabla watoto hawajamzoea zaidi.

Lipo na jambo la pili. Mama mkwe wangu tunaishi naye, ni mtu wa swala tano, na huswali kwenye baraza ya nyuma ambako kuna upepo. Hakukataa mbwa asiletwe, lakini ameniuliza kwa upole mipaka itakuwaje, nami nilikosa jibu la kumpa. Uwanja wetu una ukuta pande zote na geti la chuma ambalo chini lina uwazi wa kiasi. Tafadhali, waliopitia haya wanieleze kama kuna matumaini.

Mtunza Banda

Dada yangu, matumaini yapo, tena makubwa, na hayo unayoyaeleza ndiyo tunayoyasikia karibu kila mara kutoka kwa wanaochukua mbwa wakubwa pale ninapojitolea kufanya kazi. Nianze na ule utulivu mliouona kituoni, kwa kuwa ndio unaowachanganya watu wengi. Mbwa aliyekaa kituoni anajua kengele ya chakula, anajua harufu ya mhudumu wake, na pembeni yake wapo mbwa wengine wanaomwambia kwa tabia zao kama kuna hatari au hakuna. Mnapomtoa pale mnamwondolea vyote hivyo kwa mpigo mmoja. Wengine utulivu wao wa kituoni si utulivu wa raha, bali ni wa mnyama aliyekwisha kukata tamaa na kujikunja. Akifika mahali penye nafasi, hofu ndipo inapopata pa kutokea.

Vituo vingi hutumia kipimo cha kukisia cha siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu. Siku tatu za kwanza mbwa anakuwa amelemewa tu. Kwa muda wa wiki tatu anajifunza ratiba ya nyumba. Na hadi miezi mitatu ipite ndipo unaweza kusema unaijua tabia yake. Si sheria, na mbwa aliyepigwa au kufungwa kamba hadi ikamkata shingo huchukua muda mrefu zaidi, lakini kinamsaidia mtu asimhukumu mnyama kabla ya wakati. Kashata bado hajafika hata katikati ya kipimo hicho.

Sasa, pale nyuma ya tangi. Msimtoe kwa nguvu, msimvute, wala msizibe upenyo ule ili alazimike kukaa mnapotaka ninyi. Amepachagua kwa sababu anaegemea ukuta na hakuna mtu anayeweza kumjia kwa nyuma. Mwekeeni hapohapo gunia kavu au kipande cha godoro, na karibu yake mjenge banda dogo lililoinuliwa kutoka chini, lenye mlango upande usiopigwa na mvua, na mlango huo utazame ukuta badala ya kutazama geti. Mkishaona anaingia bandani kwa hiari, ndipo msogeze banda kidogokidogo mpaka mnapotaka liwe. Maji yawepo karibu naye muda wote, si upande wa pili wa uwanja ambako atalazimika kupita mbele za watu.

Kuhusu chakula, mtu mmoja tu ndiye ampelekee, kwa saa zilezile asubuhi na jioni, na mtu huyo awe wewe au mwanao mkubwa. Mpelekee, kisha ukae umbali ambao haumkatizi kula, ukiwa umemgeuzia ubavu, si uso. Mbwa mwenye hofu akikodolewa macho huona anatishwa, na mtu anayemwinamia kwa juu akinyoosha mkono kichwani ndiye anayemwogopa kuliko wote. Soma kitabu au chambua mchele, usimwite, usimbembeleze. Utamwona akilamba midomo yake ilhali hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza kichwa pembeni huku weupe wa macho ukionekana: hizo zote ni namna zake za kusema umekaribia mno, na ukiziona rudi nyuma hatua moja. Akianza kula ukiwa hapo, siku zinazofuata sogea kwa kiasi cha kigoda, si zaidi. Baadaye tupa kipande cha dagaa kati yako na yeye, na umwache aamue mwenyewe kuja kukichukua.

Fagio lishughulikieni peke yake. Kwa sasa dada wa kazi afagie upande huo wakati mbwa amelala bandani, au auache kabisa kwa muda. Kisha lazeni fagio chini, mbali naye, lisishikwe na mtu, na chakula chake kiwekwe mahali anapoliona. Kila akizoea, lisogezwe. Mwishowe mtu alishike bila kufagia, halafu afagie pole pole akiwa mbali, na kila hatua iambatane na kitu kitamu. Namna hii huchukua muda, lakini ndiyo inayobaki kichwani mwa mbwa. Kumzoesha kwa kumfagilia miguuni humfanya aogope zaidi au aume.

Na tafadhali sana, zibeni ule uwazi chini ya geti leo hii kabla ya kesho. Mbwa wengi wapya hupotea katika wiki za mwanzo, na mbwa mwoga akitoka haitikii jina ambalo bado halijui, anakimbia tu mpaka barabarani. Mkimtoa nje ya ukuta, avae mkanda wa kifuani pamoja na kola, kwa kuwa kola peke yake huchomoka akirudi kinyumenyume, na kwa mbwa mwenye kovu shingoni kola ya kuvutwa humkumbusha mateso yale.

Mzee wa Geti la Chuma

Mimi nimefuga mbwa tangu enzi za ujana wangu na sijawahi kusikia mbwa akasogezewa fagio kwa adabu. Huyo mfungeni mnyororo mchana kutwa, mumfungulie usiku, na ndani ya muda mfupi atakuwa mkali kuliko mnavyotaka. Wengine huchanganya pilipili kwenye chakula. Mbwa wa kuokota amekwisha kuharibika; chukueni mtoto wa mbwa mumlee wenyewe, mambo yaishe. Baba Nasra ana haki.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Shikamoo, Mzee wangu. Kwa heshima zote naomba nikupinge, kwa sababu ushauri huu umeenea sana mitaani na mimi ndiye ninayeletewa matokeo yake. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa huwa mkali kweli, lakini ukali huo hauchagui mwizi na mtoto wa nyumbani. Anajifunza kwamba kila kinachomkaribia kinamletea adha na hana pa kukimbilia, basi hubaki na njia moja tu, nayo ni kuuma. Wanaoumwa na mbwa wa aina hiyo mara nyingi ni watoto waliopita karibu ya mnyororo kuokota mpira. Pilipili nayo haimpi mbwa ujasiri, inamuunguza tumbo na kumharisha. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kumfunga mnyororo mbwa ambaye tayari ana kovu la kamba ni mateso yasiyo na faida yoyote.

Kuhusu ulinzi, Baba Nasra asiwe na wasiwasi mapema. Mbwa hubwekea mahali anapopahesabu kuwa pake. Kwa sasa Kashata anajiona mgeni uwanjani kwenu, na mgeni hapigi kelele ugenini. Akishapata banda lake, saa zake za kula na watu wake, sauti utaisikia, na mbwa wetu wa kienyeji wana masikio mazuri usiku. Hata hivyo mkubali kwamba huenda akawa mbwa wa kuwaamsha tu, si wa kumrukia mtu, na kwa nyumba yenye watoto hilo ndilo ninalolipendelea.

Sasa niingie kwenye fani yangu, kwa kuwa sijaona mtu akiligusa jambo hili: kabla hamjasema mbwa ni mwoga, hakikisheni si mgonjwa. Mbwa mnyonge, anayejificha na kukataa kuonekana, anaweza kuwa na homa inayoletwa na kupe. Mfunueni mdomo kwa upole siku atakayowaruhusu, mtazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, au akitokwa na damu puani, msingoje. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo msishituke akiwa na joto kuliko ninyi, ila likizidi hapo aletwe apimwe damu. Homa hizi zinatibika vizuri zikiwahiwa, na nimewahi kuona mbwa aliyeitwa bubu akianza kubweka baada ya kumaliza dozi.

Kupe anayewasumbua mbwa zaidi ni yule wa kahawia, naye si kupe wa majani tu kama wa ng'ombe. Anapanda ukuta, anajificha kwenye nyufa za banda na chini ya dari, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo. Kwa hiyo mkimtibu mbwa mkaacha nyufa za ukuta nyuma ya tangi, mtakuwa mnatwanga maji kwenye kinu. Sugueni, zibeni nyufa kwa saruji, kisha mtumie dawa ya mbwa iliyopimwa kwa uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe msikoroge kwa kukadiria kwa macho, na oili chafu ya gari, ambayo watu huwapaka mbwa wenye ukurutu, ni sumu anayoilamba na kuimeza mbwa akijisafisha. Kama nyumbani mna paka, niambieni kabla ya kununua chochote, kwa sababu baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina permethrini, na hiyo inaua paka.

Kadi yenu inaonyesha kichaa cha mbwa peke yake, ambayo hurudiwa kila mwaka. Mwongezeeni chanjo ya mseto inayokinga distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Kwa mbwa mkubwa asiyejulikana historia yake huwa tunampa mara mbili kwa kupishana wiki mbili hadi nne. Distempa si ugonjwa wa kudharau: mwaka 1994 mlipuko wake uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani wasiochanjwa. Dawa ya minyoo apewe sasa, irudiwe baada ya wiki mbili, halafu kila miezi mitatu, hasa kwa vile watoto wanacheza kwenye mchanga huohuo. Kwa mbwa jike aliyeokotwa mtaani, nitaomba pia tuangalie sehemu zake za siri, kwa sababu kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana, nao huanza kwa matone ya damu ambayo watu hudhani ni ya joto, yaani ya kipindi jike anapotaka dume. Kwa kuwa huyu amefungwa kizazi, damu yoyote atakayotoa si ya joto. Tiba yake ni sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni watoto. Wafundishwe kutomgusa anapokula, anapolala, wala anapokuwa nyuma ya tangi. Ikitokea mtu ameumwa, hata na mbwa mwenye kadi, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na mbwa asiuawe wala kufukuzwa bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma.

Mwana wa Chumbageni

Assalamu alaykum, dada, na wote mliopo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye nyumba iliyokuwa na mama wa swala tano na mbwa wa shamba kwa wakati mmoja, hivyo nijibu lile swali la pili ambalo wengine wameliruka.

Mama mkwe wako, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani, bila shaka anafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo kwake mbwa ni najisi. Ila hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameliingiza humo suala la kulinda nyumba kwa haja ya kweli. Kwa hiyo kuwapo kwa mbwa uwanjani kwa sababu ya wezi hakumvunjii mama dini yake. Kinachomhangaisha ni unyevu, maana mate ya mbwa au manyoya yaliyolowa yakigusa nguo au chombo, panahitajika kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akipitwa na mbwa aliye mkavu naye nguo yake ni kavu, hakuna cha kuosha, na udhu wake hautenguki kwa kumgusa.

Ukishalijua hilo, mipaka inajipanga yenyewe. Baraza ya nyuma iwe ya mama peke yake, mjenge kijiukuta cha tofali au fensi ya mabanzi yenye kijigeti. Sahani ya mbwa iwe na alama, ioshwe kwenye bomba la nje na si kwenye sinki la vyombo, na sponji yake isiingie jikoni. Maji ya udhu yasichotwe kwenye ndoo inayokaa chini mbwa akaifikia. Nunueni birika lenye mfuniko litundikwe. Watoto wakishacheza na mbwa wabadili nguo kabla ya kukaa mkekani kwa bibi. Kisha, na hili ndilo kubwa, wewe na mumeo mkae na mama mumweleze mliyoyapanga, mumuulize kama yanamtosha, kabla ya fundi kuanza kazi. Wazee wetu hawakasirishwi na mbwa, wanakasirishwa na kutoshirikishwa.

Ndugu zetu wa madhehebu ya Imamu Maliki wao humhesabu mbwa kuwa tohara, lakini usimpelekee mama hoja hiyo.

Mtunza Banda

Naongeza dogo kwa Mzee wa Geti la Chuma, nikimsalimu. Mtoto wa mbwa naye ni mwaka mzima wa kutafuna viatu na kukojoa mkekani, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ukubwani atakuwaje. Kwa mbwa mkubwa umbo lake unaliona, na tabia yake utaionja ukisubiri. Kuhusu kurudisha, kituo chochote cha maana humpokea mbwa wake bila kumlaumu mtu, kwa hiyo Baba Nasra asione kwamba mlango umefungwa. Ila safari ya kwenda na kurudi humwongezea mbwa hofu, na atakayemchukua baadaye atampata akiwa mgumu kuliko alivyo leo.

Mama Nasra (Mbezi)

Nawashukuru sana wote, na wewe Daktari kwa namna ya pekee. Nimemsomea Baba Nasra majibu yote, akacheka alipofika kwa Mzee wetu, lakini aliposoma habari ya mbwa kutobweka ugenini alinyamaza na kusema tumpe hiyo miezi mitatu. Fundi wa geti anakuja kesho kuongeza bamba la chuma chini. Mama amependa wazo la kijiukuta, ila amesema anataka tofali na si mabanzi, kwa kuwa mabanzi mchwa watayamaliza, tumekubaliana.

Paka hatuna. Swali langu lililobaki ni hili: Kashata ananuka, na nikiangalia kwa mbali naona kupe masikioni. Je, nimwogeshe kwanza ndipo nimpake dawa ya kupe, au nianze na dawa?

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Anza na dawa, bila kuoga. Dawa ya matone inayowekwa kati ya mabega hutegemea mafuta ya ngozi ili isambae mwilini, kwa hiyo mbwa asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuipaka. Kwa Kashata kuna sababu nyingine ya kuchelewesha kuoga: kumshika kwa nguvu na kummwagia maji sasa hivi kutaharibu kazi yote mtakayoifanya pale nyuma ya tangi. Harufu ivumilieni. Kama hata matone hakubali kuwekewa kwa sababu hamwezi kumgusa mgongo, zipo tembe za kupe za kutafuna ambazo hufichwa ndani ya kipande cha nyama, na kwa mbwa wa namna yake mimi huanza na hizo. Mje na uzito wake wa kukadiria na picha ya kadi ili nipime dozi. Kupe wa masikioni msiwachomoe kwa vidole vitupu, na msiwachome kwa kiberiti. Dawa ikishafanya kazi watakufa na kudondoka wenyewe, ndipo mfagie na kuchoma uchafu wa bandani, mkitumia fagio wakati mwenyewe hayupo karibu.